Orodha ya wapiga kelele au kopo la vizibo? Njia nne za kumzoesha mtoto kuona jema

Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania au Kenya, karatasi ile unaijua. Mwalimu akitoka darasani, kiranja anachana ukurasa katikati ya daftari, anaandika juu kwa herufi kubwa WAPIGA KELELE, anasimama mbele na kalamu yake. Ukikohoa, umeandikwa. Ukigeuka kumwomba mwenzio kifutio, umeandikwa. Ukibisha, mbele ya jina lako inawekwa "x2". Mimi nilikuwa kiranja wa darasa la tatu, tena mkali. Nilikuwa najua nani atapiga kelele kabla hajafungua mdomo. Mpaka leo nikiingia kwenye kikao cha watu thelathini, wa kwanza kumwona ni yule anayesumbua.

Siku hizi nafundisha darasa la awali hapa Morogoro. Watoto wangu wana miaka mitano, wengine minne iliyotiwa chumvi ili wapate nafasi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta kitu cha kuweka mahali pa ile karatasi, kitu cha kumzoesha mtoto aone jema kabla ya baya, la mwenzake na lake mwenyewe. Nimejaribu njia nne, nyingine darasani, nyingine kwa wanangu wawili. Nazishindanisha hapa kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuchagua. Nafasi sizigawi sawa, maana njia zenyewe hazilingani.

Kwanza: mtoto anaazima macho ya nani?

Kuna jaribio la mwaka 1985 ambalo kila mwalimu wa awali angelijua ningefurahi. Watafiti wa Marekani waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo, imetengenezwa ionekane kama katikati ina shimo la kina kidogo. Ng'ambo yupo mama. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walitambaa wakavuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Meza ni ileile, shimo ni lilelile. Mtoto alipofika pale akasita, akainua macho kwa mama yake ajue anatakiwa kuona nini.

Hapo ndipo ninapopimia njia zote nne. Kila moja naiuliza: inamfanya mkubwa atazame wapi? Maana mtoto atatazama hukohuko. Na baya halihitaji msaidizi, linajitangaza. Uji ukimwagika darasa zima linageuka. Wale sitini waliobeba vikombe vyao mpaka kwenye mkeka bila kudondosha tone, hakuna anayegeuka kwa ajili yao.

Kutaja jema papo hapo, au kukemea?

Njia ya kwanza haina gharama hata ya shilingi. Unamwona mtoto anafanya jambo, unalitaja kwa jina lake: "Nimekuona umemsogezea mwenzio kiti." Umemaliza. Hakuna "wewe ni mtoto mzuri", hakuna "una akili sana wewe".

Mpinzani wake ni kukemea, na pambano lao lilishafanyika. Mwaka 1968 Charles Madsen na Wesley Becker na wenzao walikaa katika darasa la kwanza huko Marekani wakihesabu watoto wanaosimama ovyo. Walimu wakaambiwa waongeze kusema "kaa chini". Watoto wakazidi kusimama. Kila mtoto alikuwa anakaa, ndiyo, lakini akishaambiwa. Jumla yake waliosimama wakawa wengi zaidi kuliko mwanzo. Walimu walipogeuza, wakawasifu waliokaa wakifanya kazi, kusimama kukapungua. Nilisoma habari hiyo nikakumbuka sauti yangu mwenyewe saa tatu asubuhi.

Nikajirekodi kwa simu nusu saa, nimeificha kwenye kabati la vitabu. Mimi ambaye mbele ya wazazi hujisifu kwamba nasifu! "Vizuri" zilikuwa tisa. "Acha", "kaa", "nani huyo" na "nakuona" ya vitisho zilikuwa thelathini na moja. Na katika zile "vizuri" tisa hakuna hata moja iliyosema nini kilikuwa kizuri.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Claudia Mueller na Carol Dweck mwaka 1998 waliwapa watoto wa miaka kama kumi mafumbo ya kutatua. Baada ya duru ya kwanza, baadhi wakaambiwa mmefanya vizuri kwa kuwa mna akili, wengine kwa kuwa mmejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu ambayo walishindwa. Waliosifiwa akili walivunjika moyo upesi, na duru iliyofuata wakafanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa juhudi walipanda.

Kwetu kuna sababu nyingine, na hii nilifundishwa na mama mkwe, mtu wa Pangani. Alikuwa hapendi kabisa mtoto asifiwe mbele za watu. Kwake, sifa za mtoto ni kumtia jicho, na kama jicho likikosa, basi mtoto atavimba kichwa. Tulivutana miezi. Halafu siku moja nikamwambia, "Mama, mjukuu wako leo kavipanga viatu vya wageni wote mlangoni, bila kutumwa." Akanyamaza kidogo. "Hilo sasa ni la kusema, mwanangu. Mashallah." Nikaelewa kumbe tulikuwa tunagombania neno tu. "Mzuri huyu" humwita hasidi. "Kavipanga viatu" hakuna hasidi anayehangaika nalo.

Udhaifu wake: inataka mkubwa aliyetulia. Mimi darasani nina watoto sabini na kitu, na ikifika saa nne uji umechelewa, utulivu huo sina. Nyumbani ni rahisi zaidi, ila kwa mzazi aliyeshinda sokoni tangu alfajiri, naelewa kabisa kwa nini linatoka "acha!" kabla ya jingine lolote.

Chati ya nyota

Hii wengi mnaijua: karatasi ya manila ukutani, majina ya watoto, na stika za nyota kwa kila tendo jema. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tulivyolelewa, na sina ugomvi na pete.

Ugomvi wangu ni huu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walikwenda kwenye shule ya watoto wadogo ya Chuo Kikuu cha Stanford, wakachagua watoto wa miaka mitatu hadi mitano wanaopenda kuchora. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu wakichora. Kundi la pili likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zikawekwa mezani bila ahadi yoyote. Waliokuwa wameahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu.

Kwa hiyo pete ya kushtukiza haina neno. Pete inayotangazwa asubuhi ndiyo inayomfanya mtoto aiangalie pete. Ukitaka kumzoesha kupiga mswaki usiku, weka nyota wiki mbili, halafu chati iondoke kimyakimya. Inafaa. Lakini kwa kazi yetu hii ya kuona jema, naiweka ya mwisho. Nilipoijaribu darasani, kufikia Ijumaa watoto walikuwa wanajua vizuri sana nani hana nyota. Mstari wa mtoto mmoja ulikuwa mweupe toka mwanzo hadi mwisho, na wenzake walikuwa wanapitisha kidole juu yake. Ilikuwa ni ile karatasi yangu ya darasa la tatu, nimeigeuza upande wa pili tu.

Kopo la vizibo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokosea mara nyingi na ndipo nilipofika.

Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate shingo. Kila mtoto anayetaja jema alilomwona mwenzake akilitenda anatia kitu ndani. Likijaa, darasa zima linapata jambo pamoja. Kwetu ni hadithi chini ya mwembe na nusu saa ya ziada ya kucheza, pipi hapana. Nilianza na maharage. Wiki ya tatu yakabunguliwa, chupa ikawa inatoa unga. Nikahamia kwenye vizibo vya soda, ambavyo darasa la awali lolote lina mfuko mzima kwa ajili ya kuhesabia.

Wiki ya kwanza niliruhusu mtoto ajitaje. Kosa. Kila dakika: "Mwalimu, mimi nimemsaidia! Mwalimu, mimi!" Siku ya tatu kijana mmoja alimsukuma mwenzake akaanguka, akamwinua kwa heshima zote, akamkung'uta vumbi, kisha akaja kudai kizibo. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Baada ya hapo sheria ikawa moja: la kwako halihesabiwi, mpaka mwenzio alione.

Wiki ya pili tatizo jingine. Yalitajwa majina yaleyale manne, wasichana wenye madaftari safi na nywele zilizosukwa vizuri. Watoto walikuwa wananiigiza mimi. Walimtaja waliyeniona nikimtazama. Nikaanza kutoa kazi ya macho kila asubuhi: "Leo mtazame aliyekaa kushoto kwako." Kesho wa kulia. Keshokutwa aliyevaa viatu vyekundu.

Hapo ndipo siku moja, zamu ya kutaja, binti mmoja mpole akasema juu ya yule wa mstari mweupe: "Anamfungaga vifungo." Vifungo gani? Akamwonyesha mtoto mdogo kuliko wote darasani, ambaye sweta lake lina vifungo vidogo mgongoni na mikono yake haifiki. Nikauliza tangu lini. "Kila siku tukitoka chooni." Nilikuwa nimekaa na watoto hao muhula na nusu. Nilikuwa najua makosa yote ya kijana yule kwa tarehe, na vifungo nilikuwa sijaviona hata mara moja. Alipotia kizibo yule binti, kijana mwenyewe alikuwa anaangalia dirishani kana kwamba wanazungumzia mtu mwingine, ila masikio yalikuwa yamesimama.

Kuhusu lile swali la macho, hii ndiyo njia pekee kati ya nne ambayo mtazamaji ni mtoto mwenyewe. Mkubwa anaongezewa macho sabini. Haidai mwalimu awe mtulivu saa nne asubuhi. Dakika kumi kabla ya kwenda nyumbani zinatosha. Nyumbani kwenye watoto wawili haina maana sana. Wanangu waliichezea siku mbili, siku ya tatu wakawa wanapeana zamu za kutajana kama wafanyabiashara. Inataka umati: darasa, madrasa, Sunday school, nyumba yenye binamu sita likizo ya Disemba.

Mazuri matatu kabla ya kulala

Hii ndiyo maarufu zaidi mtandaoni, na ndiyo inayosimuliwa kwa chumvi zaidi. Asili yake inayojulikana ni jaribio la Martin Seligman na wenzake la mwaka 2005: kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na kwa nini yalikwenda vizuri. Walioifanya walikuwa na furaha zaidi na huzuni pungufu hata miezi sita baadaye. Lakini walikuwa watu wazima, waliojitolea wenyewe kupitia intaneti. Jeffrey Froh na wenzake mwaka 2008 walijaribu kitu kinachofanana kwa wanafunzi 221 wa darasa la sita na la saba, wiki mbili, wakiandika mambo ya kushukuru. Walikuwa na hali nzuri kuwazidi hasa wale walioambiwa waorodheshe kero zao. Kuwazidi wale ambao hawakupewa orodha yoyote, tofauti ilikuwa ndogo. Yaani lililoonekana zaidi pale ni kwamba kuhesabu kero kila siku kunaumiza. Ile karatasi yangu tena.

Mtoto wa miaka minne si mtu mzima wa intaneti. Mwanangu mdogo usiku wa kwanza alisema: "Nimekula mandazi." La pili? "Nimekula mandazi." La tatu akafikiri sana, akakunja uso. "Andazi la Dada." Kwa umri huo moja linatosha, na ni wewe uanze lako, akusikie. Ile sehemu ya "kwa nini" ndiyo yenye nyama, lakini huanza kueleweka kama miaka saba hivi. Wa kwanza alipofika hapo alisema mpira ulikwenda vizuri. Kwa nini? "Kwa sababu walikubali niwe kipa, na hawakunicheka nilipofungwa." Bila lile swali, tungelala na mpira tu.

Uzuri wake: haihitaji chochote, inakwenda hata umeme ukikatika, na baba anayefanya kazi mbali anaweza kuifanya kwa simu. Ubaya wake niliuona usiku mmoja tu. Mtoto wa jirani, miaka saba, alilala kwetu. Zamu ikamfikia. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja mandazi: "Leo sijapigwa." Taa ilikuwa imezimwa, nikashukuru, maana sikujua uso wangu ungemwambia nini.

Nilizungumza na mama yake, mambo yakafuata mkondo wake, na hayo si ya kuandika hapa. Lakini tangu siku ile kwetu tunaanza na lililouma. Moja, kabla ya mazuri. Mtoto aliyefunzwa kutaja mazuri pekee anajifunza vilevile ni nini kisichotakiwa kutajwa kwenu, na wapo watu wazima wanaofurahi sana kumkuta mtoto wa namna hiyo. Ukisikia jambo linalokuzidi, Tanzania na Kenya namba ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116.

Basi uchukue ipi?

Una mtoto mmoja au wawili chini ya miaka sita: taja jema papo hapo, uachane na mengine. Usinunue kitu. Jirekodi nusu saa kwanza, utajua pa kuanzia.

Wana miaka saba na kuendelea: ongeza mazuri usiku, likitangulia lililouma. Siku ukichoka ruka. Ikigeuka kuwa sala ya kukariri haina faida.

Una darasa kubwa: kopo, na kazi ya macho kila asubuhi. Usilianze wiki ya mitihani wala ya kupokea wageni wa ukaguzi. Nilifanya hivyo mwaka mmoja, na watoto wakawa wanawataja wakaguzi.

Nyota ziweke kwenye droo kwa ajili ya mswaki.

Na usitegemee miujiza. Mwanangu wa kwanza, ambaye amelelewa na haya yote tangu anatambaa, muhula huu kachaguliwa kiranja wa darasa la tatu. Jioni ya kwanza akaja kuniomba karatasi ya kuandikia wapiga kelele. Nilimpa, kwa sharti aigawe safu mbili: wapiga kelele upande mmoja, waliotulia upande wa pili. Akakubali bila ubishi. Kesho yake nikaikuta kwenye begi lake. Safu ya kwanza ilikuwa imejaa mpaka chini, watatu wana "x2". Safu ya waliotulia ilikuwa na jina moja, kwa mwandiko mzuri sana. Lake.